Alama Nyekundu Ukutani: Miaka Zaidi ya Mia ya Barabara, Viwanja na Bomoabomoa Dar es Salaam

Mtu anayetoka Posta kwenda Kariakoo kwa miguu lazima apite Mnazi Mmoja. Ni uwanja wa wazi uliobaki katikati ya jiji linalokosa pa kupumua, na wakazi wengi hudhani uliachwa ili watoto wacheze mpira na viongozi wapate pa kuhutubia. Sivyo. Uwanja ule ulitengwa ili watu wasikaribiane. Mwaka 1891 Wajerumani walitunga sheria ya ujenzi iliyoigawa Dar es Salaam katika kanda. Upande wa pwani ya mashariki ziliruhusiwa nyumba za Kizungu peke yake, kanda ya pili ilikuwa ya nyumba za mawe na matofali, na ya tatu ikaachiwa nyumba za udongo na makuti. Sheria haikutaja rangi ya mtu. Ilitaja ukuta wake, na hiyo ikatosha.

Ilipokaribia vita ya 1914 kificho hicho kilishatupwa, na mipango mipya ikataja mbari waziwazi. Serikali ya Kijerumani ilinunua ardhi ya shamba upande wa magharibi ili wenyeji wahamishiwe huko, na ndiko ilikozaliwa Kariakoo. Waingereza walipoingia hawakuifuta ramani hiyo, waliimalizia. Miaka ya 1920 mji ulikuwa na kanda tatu, ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, na kati ya ya pili na ya tatu nyumba zikaondolewa pakabaki uwanja mtupu. Hoja iliyotolewa ilikuwa afya: wenye nyumba za ghorofa wasiambukizwe maradhi na wenye nyumba za makuti.

Ninaanzia huko kwa sababu tabia iliyoota mizizi wakati ule haijatutoka. Mstari huchorwa ofisini, ukakaa kwenye ramani, na mwenye nyumba akaujua siku nyumba yake inapoguswa. Aliyeushika mstari huo amebadilika mara nyingi. Alikuwa gavana, akaja meya, akaja waziri, akaja meneja wa wakala wa barabara. Lakini kwa mkazi wa kawaida habari bado humfikia kwa kuchelewa, na mara nyingi humfikia kwa rangi iliyopakwa ukutani.

Kariakoo yenyewe ilipimwa vizuri. Mitaa ilinyooka, viwanja vikalingana, na kila mwenye kiwanja alilipa kodi ya kiwanja kila mwaka, akijenga nyumba yake ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma. Alichokosa ni hati. Ardhi ilibaki ya serikali, na yeye alikuwa mpangaji wa mwaka hadi mwaka aliyeweza kuambiwa ahame. Wazee wa Ilala na Magomeni, vitongoji vilivyopangwa baadaye kwa ajili ya Waafrika, walirithi hali hiyohiyo.

Sheria ndogo za mji zilikuwa na meno kuliko hati. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana walimiminika mjini kutafuta kazi, na utawala ukawaita wahuni. Kwa sheria ya miaka ya 1940 iliyohusu wenyeji wasiotakiwa mjini, polisi walifanya misako, wakawakamata wasio na ajira ya kuonyesha na kuwarudisha makwao. Machungwa yaliyopangwa kwenye beseni kando ya barabara hayakuhesabiwa kuwa ajira.

Mwaka 1949 Dar es Salaam ikawa manispaa, na mwaka huohuo kampuni ya Uingereza ya Alexander Gibb ikatoa mpango wake mkuu wa kwanza. Uhuru ulipofika mwaka 1961 ikapewa hadhi ya jiji. Meya wa kwanza Mwafrika alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi ambaye wapenzi wa Kiswahili wanamfahamu zaidi kwa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Sikumtaja kwa kupamba habari. Kwa mkazi wa Kariakoo ambaye serikali ya mji ilikuwa ikimjia kwa sura ya askari na mdai kodi tu, kuona kiti cha umeya kimekaliwa na mtu anayesema naye kwa lugha yake mwenyewe kulikuwa mapinduzi.

Basi serikali huru ikashika kazi kwa haraka. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kubomoa nyumba za udongo Magomeni, Kariakoo na kwingineko na kujenga za matofali mahali pake. Nia ilikuwa njema, ila hesabu haikukubali. Kila nyumba iliyojengwa ilifuta nyingine iliyokuwa na wapangaji, gharama zikapanda, na watu wapya walizidi kuingia mjini. Kabla muongo wa 1970 haujafika mbali, serikali iliachana na njia hiyo.

Wakati huohuo msingi wa ardhi ulibadilishwa. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa kudumu uliobaki tangu ukoloni ulifutwa, na ardhi yote ikawa ya umma. Mwaka 1967 ikatungwa Sheria ya Utwaaji Ardhi, iliyompa Rais mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma kwa kulipa fidia. Tuitazame kwa makini sheria hii, maana bado inatumika. Ilipotungwa, ardhi tupu haikuwa na bei machoni pake. Kilicholipwa ni kile ulichoongeza juu yake: nyumba, kisima, minazi, miembe. Aliyekuwa na ekari Kurasini bila kuijenga angeweza kuondoka mikono mitupu. Miaka minne baadaye, mwaka 1971, serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh100,000, na maghorofa mengi ya Uhindini yakabadili mwenyewe katika msimu mmoja.

Halafu baraza lenyewe likaondolewa. Mwaka 1972 ukatangazwa mpango wa madaraka mikoani, na katika kipindi kifupi serikali za miji zikavunjwa, kazi zao zikapewa watendaji waliotumwa na serikali kuu. Kwa karatasi madaraka yalishuka kwa wananchi. Kwa mtaro wa Buguruni au taka za Kariakoo, aliyepaswa kuulizwa alitoweka. Magari ya taka yalisimama, mashimo yakazidi barabarani, na mwishoni mwa muongo huo kipindupindu kikaikumba nchi. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa kwa sheria ya muda, na mwaka 1982 ikaja sheria ya serikali za mitaa za mijini inayotumika hadi leo, ile inayoipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo kuhusu masoko, usafi, ujenzi na biashara za barabarani.

Kuna jambo la miaka hiyohiyo ambalo halisifiwi vya kutosha. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kabla watu hawajajenga. Barabara zilichongwa kwanza, mabomba yakapita, bikoni zikasimikwa, ndipo wananchi wakagawiwa viwanja wajenge kwa uwezo wao. Manzese, palipokuwa pamejengwa tayari, zilipitishwa barabara za ndani na kuwekwa huduma, bila kuufyeka mtaa mzima. Leo ukiingia Sinza na gari la zimamoto unafika mlangoni. Kazi ile haikuhitaji muujiza wowote. Ilihitaji mpimaji afike kabla ya fundi mwashi, na fedha za kumlipa mpimaji huyo.

Fedha zilipokwisha, mwashi akatangulia. Mpango mkuu wa 1979, uliochorwa na kampuni ya Kanada kama ule wa 1968, ulibaki makabatini wakati jiji likitambaa kufuata barabara kuu nne: Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Inakadiriwa kwamba takriban asilimia 70 ya wakazi waliishi katika maeneo yasiyopimwa. Ununuzi wa kiwanja ulikuwa na taratibu zake zinazoeleweka. Muuzaji na mnunuzi walikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, baadaye kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mashahidi wakasaini, asilimia fulani ikalipwa ofisini, muhuri ukagongwa. Mnunuzi akaondoka na karatasi aliyoiamini, na alikuwa na haki ya kuiamini, kwa sababu ilikuwa na muhuri wa ofisi ya umma.

Miaka ya 1990 ilikuwa mibaya kwa halmashauri ya jiji. Barabara za katikati ya mji zilijaa mashimo, taka zililundikana, na malalamiko ya rushwa katika ugawaji wa viwanja yalisikika kila kona. Mwaka 1996 serikali ikalivunja baraza na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume ilirekebisha barabara, ikawapa wakandarasi binafsi kazi ya kuzoa taka, ikakusanya mapato ambayo baraza lilishindwa kuyakusanya. Wapo wanaokumbuka miaka ile minne kwa shukrani, nami siwabishii. Lakini tume haikuchaguliwa na mtu, na aliyevunjiwa kibanda chake hakuwa na diwani wa kumwendea. Mwaka 2000 zikaundwa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji kwa mambo yanayozigusa zote.

Mwaka huo wa 2000 ulianza pia Wakala wa Barabara, TANROADS, na hapa ndipo kiini cha habari yetu kilipo. Tangu hapo barabara kuu zinazolikata jiji ziko chini ya wakala wa serikali kuu, huku viwanja vilivyo kandokando yake, leseni za biashara zake na, kwa muda mrefu, kodi ya majengo yake vikiwa chini ya manispaa. Ofisi mbili zikawa zinasimamia ukuta mmoja, kila moja kwa sheria yake.

Hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaipanua kuwa mita 30. Ndipo zikaja alama mbili ambazo kila mkazi wa kando ya barabara kuu anazijua. X nyekundu ilimaanisha uko ndani ya hifadhi ya zamani, umevamia, ondoka kwa gharama yako. X ya kijani ilimaanisha uko katika zile mita 7.5 zilizoongezwa, sheria imekukuta, utalipwa barabara itakapohitaji kupanuliwa. Kati ya nyekundu na kijani huweza kuwa na upana wa chumba kimoja. Na mwenye kijani naye hana raha, kwani nani atanunua nyumba iliyopakwa alama, na benki ipi itaipokea iwe dhamana?

Barabara ya Morogoro ilikuwa na mambo yake. Kuanzia upande wa Ubungo kwenda Kibaha, hifadhi iliyodaiwa na serikali ilikuwa mita 121.5 kila upande, yaani karibu robo kilomita ukijumlisha. Serikali ilishikilia kwamba upana huo ni wa tangu sheria za barabara za kikoloni, za mwaka 1932 na zilizofuata. Wakazi wa Kimara, Mbezi na Kibamba walishikilia kwamba wapo hapo kwa miongo mingi, wengine tangu enzi za vijiji, na kwamba hakuna aliyewahi kuwaonyesha mpaka huo. Mashirika ya umma yaliwaunganishia umeme na maji. Zilijengwa nyumba za ibada, maduka, vituo vya mafuta. Kesi zilifunguliwa mahakamani na kudumu miaka.

Mwaka 2017 matingatinga yakashuka. Kuanzia Kimara hadi Kiluvya nyumba zilianguka mfululizo, za matofali na za ghorofa, na wenyewe wakaokoa mabati, fremu za madirisha na masinki, wakavipanga pembeni. Rais John Magufuli, aliyekuwa waziri wa ujenzi kabla ya hapo na aliyeijua sheria ya barabara kuliko wanasiasa wengi, hakurudi nyuma. Wala hakubagua kati ya raia na serikali mahali pamoja panapopaswa kukumbukwa: Ubungo, sehemu ya jengo la makao makuu ya TANESCO ilibomolewa kwa amri yake kupisha barabara, na ofisi za maji jirani nazo zikaguswa. Ina maana hata taasisi za umma, zenye wanasheria na wapimaji wao, zilijenga ndani ya hifadhi. Fundi seremala wa Kibamba angeujuaje mpaka ambao mawakili wa shirika la umeme waliukosa?

Barabara iliyojengwa ni nzuri, na kulisema hilo si kuwasaliti waliobomolewa. Ujenzi wa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ulizinduliwa Desemba 2018. Makutano ya ngazi tatu ya Ubungo yakafunguliwa Februari 2021 na kupewa jina la Balozi John Kijazi. Mabasi yaendayo haraka yalikuwa yameanza mwaka 2016 katika njia ya kilomita 21 kati ya Kimara na Kivukoni pamoja na matawi yake. Muuguzi anayetoka Kibamba kuingia zamu Muhimbili anajua faida yake kuliko mwandishi yeyote. Swali ni kwa nini gharama ya faida hiyo ilibebwa na watu wale wale waliouziwa viwanja kwa muhuri wa ofisi ya mtaa, wakati ofisi iliyogonga muhuri haikutakiwa kuchangia hata shilingi.

Fidia ina historia yake ya uchungu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilirekebisha mengi: ardhi yenyewe ikatambuliwa kuwa na thamani, na fidia ikatakiwa iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za mwaka 2001 zikaorodhesha posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi kwa miezi 36, na ya faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa. Ukizisoma kanuni hizo unaona kwamba aliyeziandika alifikiria mtu mwenye watoto na mizigo.

Ila karatasi ni kitu kimoja. Kipawa, karibu na uwanja wa ndege, wakazi walifanyiwa tathmini mwaka 1997 na kusubiri zaidi ya miaka kumi kabla ya kulipwa na kuondoka. Katika muda huo mtu hukatazwa kuongeza chumba au kupanda mti. Paa likivuja, unaliziba kwa shingo upande, maana hujui kama utalala chini yake mwaka ujao. Saruji inapanda bei, kiwanja cha Chanika kinapanda bei, na wewe hesabu yako imegandishwa kwenye daftari la mthamini. Kwangu mimi, kungoja huko ni dhuluma kubwa kuliko tingatinga, kwa sababu hakuna kamera inayokuja kuipiga picha.

Bonde la Msimbazi ni kesi nyingine tena. Huko mpaka ulijulikana, maji yaliuonyesha kila masika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na serikali ikawapa baadhi ya walionusurika viwanja Mabwepande. Wengine walibaki au walirudi, kwa sababu Mabwepande ni mbali na soko, na nauli ya kwenda kibaruani inakula kibarua chenyewe. Kati ya Desemba 2015 na Januari 2016 nyumba za bondeni zikapakwa X na kubomolewa. Hatua hiyo ingekuwa na uzito zaidi machoni pa watu kama karakana ya mabasi yaendayo haraka isingekuwa imejengwa Jangwani, katika bonde hilohilo, ambako imefurika mara kwa mara na mabasi kuharibika. Sasa kuna mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde kwa fedha za Benki ya Dunia, wenye daraja jipya refu lililoinuliwa, na safari hii tathmini na malipo ya wakazi vimewekwa ndani ya mradi tangu mwanzo.

Na mgambo? Sheria ndogo za halmashauri zimempa mamlaka yake, na kwa mama lishe wa Kariakoo yeye ndiye sura ya jiji. Mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi iliwasomba waliohesabiwa wazururaji kwenda mashambani, kwa hoja zinazofanana mno na zile za misako ya Waingereza. Desemba 2018 upepo uligeuka: Magufuli akatoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh20,000, na maofisa wakaonywa wasiwabughudhi. Njia za waenda kwa miguu zikajaa meza. Oktoba 2021 ukageuka tena, machinga wakaondolewa barabarani na kupangiwa masoko. Sheria ndogo zenyewe, miaka yote hiyo, zilikuwa palepale. Kilichobadilika ni nani anaagiza zitumike, na mtu aliyekopa mtaji kwa kuamini kitambulisho chake hakuwa na namna ya kulijua hilo.

Halmashauri yenyewe imebaki na nini? Julai 2017 barabara za mijini zisizo kuu zilihamishiwa kwa TARURA, wakala mwingine wa serikali kuu. Kodi ya majengo nayo ilikuwa imehamishiwa Mamlaka ya Mapato. Februari 2021, siku ileile ya uzinduzi wa kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi Luis, Magufuli alitangaza kuivunja Halmashauri ya Jiji, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Manispaa sasa ni nne pamoja na jiji moja, baada ya Ubungo na Kigamboni kuzaliwa miaka michache kabla. Diwani wa Kimara akiulizwa na wapiga kura wake barabara itapita wapi, atalazimika kwenda kuuliza kama wao.

Hata hivyo jiji hili limewahi kuhesabu viwanja vyake kwa njia rahisi. Kuanzia mwaka 2004 wizara ya ardhi ilitumia picha za angani kutambua nyumba katika maeneo yasiyopimwa, ikapata zaidi ya laki mbili, na wenye nyumba wakapewa nafasi ya kuchukua leseni za makazi. Waliokuwa kwenye hifadhi za barabara na mabonde hatari hawakupewa. Maofisa walikwenda mtaa kwa mtaa na picha zile mkononi, wakakaa na wenyeviti na wajumbe, wakaonyeshana mpaka wa fulani na wa jirani yake. Kwa hiyo ramani ipo, na mita za hifadhi zipo katika sheria. Kinachotakiwa ni nakala moja yenye mstari wa barabara juu yake, ibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya serikali ya mtaa kuanzia Mbagala hadi Bunju, karibu na meza wanapogongea mihuri ya mauziano, ili mnunuzi auone mstari kabla hajatoa fedha zake.